Mmea wa kwenye ndoo unanyauka na udongo umelowa: angalia mizizi kabla ya kununua dawa

Pilipili hoho yangu ya tatu ilikufa mwezi wa tano, katikati ya masika, wakati ambao hapa Moshi kila kitu kimelowa na hakuna anayeweza kusema mmea umekosa maji. Ilianza kulegea majani saa sita mchana, jioni inajikaza kidogo, kesho yake inalegea tena. Nikaongeza maji. Nikaweka mbolea ya kukuzia. Nikapuliza dawa ya ukungu niliyouziwa dukani na mtu ambaye hakuniuliza hata swali moja. Siku ya nane nikashika shina nikitaka kulifunga kwenye kijiti, likaja lote mkononi. Chini hapakuwa na mizizi. Palikuwa na kisiki kifupi kimegugunwa pande zote kama mfupa uliotoka kwa mbwa. Nikamwaga ndoo juu ya turubai na kuhesabu funza 14, weupe, wanene, kila mmoja kajikunja mfano wa herufi C.

Hoho tatu, miezi mitatu ya kazi na fedha ya dawa vilipotea kwa sababu nilikuwa natibu majani wakati ugonjwa uko chini. Naandika haya kwa ajili yako uliyepanda kwenye ndoo, dumu, kiroba au tairi, ili yasikukute.

Chombo si shamba. Kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, mmea ukitafunwa mizizi mitatu unatoa mingine upande wa pili, na funza wanne wakila chini ya mgomba hutajua hata kama walikuwepo. Ndani ya ndoo ya lita 20 hakuna upande wa pili. Funza wale wale wanne wanaizunguka mizizi ile ile usiku na mchana hadi iishe. Lakini udogo huo huo unakusaidia: shamba huwezi kulipindua, ndoo unaipindua kwa dakika kumi na kuona kila kilichomo. Kwa hiyo tangu mwezi ule wa tano sinunui dawa ya mmea wa kwenye chombo kabla sijaiona mizizi yake kwa macho.

Namna ya kuuangalia mmea chini bila kuuua

Fanya jioni au kivulini. Mwagilia kidogo siku iliyotangulia, maana udongo mkavu unasambaratika na udongo wa tope unang'oa mizizi kwa uzito wake. Weka kiganja juu ya udongo, shina lipite katikati ya vidole, pindua chombo, kisha gonga ukingo wake kwenye kona ya meza au jiwe. Donge lote litateleza na kutoka. Kama ni kiroba au salfeti, lichane ubavuni kwa wembe. Utalishona au utabadilisha. Kama ni pipa ambalo watu wawili hawaliinui, chimba upande mmoja karibu na ukingo hadi chini kabisa, utoe udongo wa upana wa kiganja. Usiridhike na kukwaruza juu, kwa sababu funza wakubwa hukaa chini, palipo na unyevu na mizizi mingi.

Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya malai, ina vinyweleo, ukiivuta haikatiki ovyo, na udongo wake unanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Ukikuta hivyo, rudisha mmea taratibu na utafute tatizo mahali pengine.

Unanyauka mchana na udongo umelowa. Ukiutikisa shina linacheza

Hapa kuna watuhumiwa wawili, na watu wengi wanawachanganya: mizizi imeoza, au mizizi imeliwa. Mzizi uliooza ni wa kahawia au mweusi, unateleza, una harufu ya maji yaliyotuama. Ukiuvuta kwa kucha, ganda la nje linavuka kama soksi na ndani unabaki uzi. Huo ni ugonjwa wa maji mengi na chombo kisichotoboka vizuri, na dawa ya wadudu haitausaidia chochote. Mzizi ulioliwa hauna harufu. Umekatika, kisiki chake ni kisafi, mara nyingi una makovu, na udongo unaouzunguka ni mlaini mno, kama umechekechwa, kwa sababu funza wameupitia wote.

Anayefanya kazi hiyo katika maeneo yetu mara nyingi ni funza mweupe, yaani mtoto wa mbawakawa. Mwili wake ni mweupe wa malai, mkia wake unaonekana wa kijivu kwa sababu ya udongo alioumeza, kichwa ni cha kahawia na kigumu, na karibu na kichwa ana miguu sita inayoonekana wazi. Ukimtoa nje anajikunja.

Tatizo ni kwamba si kila funza mweupe ni adui, na hili sikulijua hadi nilipofunzwa na bibi wa nyumba ya jirani, aliyezaliwa Kibosho na kukulia katika kihamba cha migomba na kahawa. Alinikuta nimemwaga ndoo zote uani, nimechukia, naponda kila kilichotikisika.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Hao wa kwenye samadi unawaulia nini?"

Nikamwambia ndio walioniulia hoho. Akainama, akachukua mmoja kwenye rundo la samadi na mmoja kwenye ndoo, akawaweka wote wawili juu ya sementi.

"Watazame wanavyotembea."

Wa samadi alijinyoosha, akalala chali, akaondoka kwa mgongo, miguu yote sita inaelea hewani. Alikwenda moja kwa moja na kwa kasi iliyonishangaza, misuli ya mgongo ikimsukuma kama mawimbi. Wa kwenye ndoo alibaki ubavu, amejikunja, anarusha miguu na kushindwa kwenda popote.

Anayetembea kwa mgongo ni mtoto wa wale mbawakawa wa maua, jamii ya wanaokutwa mchana wamejichimbia kwenye waridi na kwenye matunda yaliyoiva. Akiwa funza chakula chake ni vitu vinavyooza. Anatafuna samadi na majani makuukuu na kuyageuza kuwa vipunje vidogo vyeusi ambavyo ni mbolea nzuri. Mrudishe kwenye rundo. Vivyo hivyo yule mkubwa mno, mnene kama kidole gumba, anayekutwa kwenye samadi ya zamani au gogo lililooza: huyo ni mtoto wa mbawakawa wa pembe, jamii ya yule ambaye watu wa pwani wanamwita chonga kwa kutoboa minazi. Naye akiwa funza hula vilivyooza. Usimwache ndani ya ndoo ndogo, kwa sababu kwa ukubwa wake anavuruga mizizi akipita, lakini si yeye aliyeila. Na ukikuta kwenye mboji funza bapa, wa kijivu au kahawia, asiye na miguu, mwenye mapingili yanayoonekana wazi, huyo ni wa yule nzi mweusi anayefugwa kulishia kuku. Mizizi hai haimhusu.

Funza wa hatari ni yule wa C, wa ukubwa wa kati, anayeshindwa kutembea juu ya sementi, uliyemkuta katikati ya mizizi na si katikati ya samadi. Ukipata shaka, angalia alipokuwa amekaa.

Ukishamthibitisha, usijaribu kuuokoa mmea funza akiwa bado ndani. Mwaga udongo wote juu ya turubai. Kama unafuga kuku wa kienyeji, wafungulie. Nusu saa ya kuku wanne inafanya kazi ambayo mimi na kijiti tungefanya asubuhi nzima, na wanaona hata wale wachanga wa urefu wa punje ya mchele. Osha mizizi iliyobaki kwa maji ya kawaida, ichunguze, kata iliyokufa. Kisha punguza majani: mmea uliopoteza nusu ya mizizi hauwezi kunywesha majani yote, kwa hiyo mimi hukata theluthi moja, natoa na matunda yote hata kama inauma. Panda upya kwenye udongo safi, weka kivulini wiki moja au siku kumi, mwagilia kidogo kidogo. Mbolea ya kukuzia ingoje hadi uone jani jipya. Mmea uliobakiwa na mizizi chini ya robo, kwa uzoefu wangu, haurudi. Chukua vipandikizi kama ni aina inayokubali vipandikizi, mwingine uachie rundo la mboji.

Wameingiaje? Kwa njia mbili, na zote mbili tunawafungulia sisi. Ya kwanza ni samadi. Rundo la samadi lililokaa wazi ni mahali ambapo mbawakawa wa kila aina hutaga, na sisi tunalichota kwa koleo na kulitia ndooni pamoja na mayai na funza. Ya pili ni taa. Mvua zinapoanza, za vuli na za masika, mbawakawa wazima hutoka ardhini na kuruka jioni. Unawasikia wakigonga vioo na balbu ya barazani. Jike akianguka chini ya taa na kukuta ndoo ya udongo laini, wenye samadi, uliomwagiliwa leo, hana sababu ya kwenda mbali. Ndoo zangu tatu zilizokufa zilikuwa zimepangwa chini ya taa ya baraza. Sasa nimezihamisha, na wiki za mwanzo wa mvua taa hiyo haiwaki usiku kucha. Ndoo zenye miche michanga nazifunika juu ya udongo kwa kipande cha chandarua kikuukuu, nimekichana katikati shina lipite, nimekibana kwa mawe.

Samadi naichekecha kabla ya kuitumia, kwa waya wa dirishani. Udongo wa ndoo za miche naupika. Nakata pipa, naweka maji ya kina cha vidole vinne, mawe, bati lililotobolewa matundu, juu yake udongo wenye unyevu, na gunia lililolowa kama kifuniko. Katikati ya udongo nazika kiazi mviringo kibichi. Kiazi kikiiva hadi kijiti kinapita bila kukwama, udongo nao umeiva. Funza, mayai, minyoo na mbegu nyingi za magugu zimekwisha. Unauacha upoe na kupumua wiki moja au mbili kabla ya kupanda. Asiye na kuni za kutosha atumie jua la Januari na Februari, ambalo Moshi mjini halina huruma: tandaza udongo wenye unyevu, kina kisizidi sentimita 20, funika kwa nailoni angavu, bana kingo zote kwa udongo, acha wiki 4 hadi 6. Nailoni iwe angavu kweli, jua lipenye.

Kitu kimoja zaidi kuhusu funza hawa. Siku moja utakuta mmoja amekufa, mgumu kama chaki, amevaa unga wa kijani. Usimtupe. Huyo ameuawa na kuvu aina ya Metarhizium, ambaye anaishi kwenye udongo wenyewe na ambaye maabara zinamzalisha kama dawa ya kibaiolojia. Mponde uchanganye na udongo wa ndoo nyingine.

Mmea umedumaa, majani ni ya njano, na mizizi ina vifundo

Huyu si mdudu ingawa watu wengi humnunulia dawa ya wadudu. Ni minyoo fundo, minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, na hupenda nyanya, hoho, bamia, mnafu na karoti. Vifundo vyake ni sehemu ya mzizi wenyewe: mzizi umevimba kama shanga zilizotungwa, na ukijaribu kukibandua kifundo unakata mzizi. Usivichanganye na vifundo vya maharage na kunde, ambavyo hubanduka kwa kucha bila shida na ukivipasua ndani ni vya rangi ya waridi. Hivyo ni vya bakteria wanaoulisha mmea naitrojeni, viache.

Nyanya ya ndooni yenye minyoo fundo mimi siitibu. Naing'oa na mizizi yote, naichoma, siipeleki kwenye mboji, na udongo wake unaenda kwenye pipa la kupikwa. Baadaye naotesha mbangimwitu, gugu la jamii ya marigoldi (si bangi), kwenye udongo huo kabla ya kurudisha nyanya. Mizizi ya jamii hiyo hutoa kemikali inayowakandamiza minyoo hao. Kata mbangimwitu kabla haijatoa mbegu, maana ikishasambaa uani utaitafuta mwaka mzima.

Vijinzi vidogo vyeusi vinaruka ukigusa chombo

Wazima wao hawali mmea. Watoto wao, ambao ni kama vijiuzi vinavyopenya mwanga vyenye kichwa cheusi, hukaa sentimita 5 za juu na kula vinyweleo vya mizizi. Mmea mkubwa huvumilia. Mche wa wiki mbili hufa. Weka kipande cha kiazi kibichi juu ya udongo, kiache siku mbili, kisha kigeuze. Ukikuta vijiuzi hivyo vimejibandika chini yake, umepata jibu.

Chanzo ni maji, karibu kila mara. Arusha kwenye baridi ya Juni na Julai udongo wa ndooni unakauka polepole sana, na mtu anaendelea kumwagilia kila siku kama alivyofanya Februari. Acha sehemu ya juu ikauke kabisa kati ya mwagilio mmoja na mwingine, tandaza mchanga wa mto wa unene wa sentimita 1 au 2, na mwagilia kutoka chini kwa kuweka ndoo kwenye beseni. Mzunguko wao wa maisha ni kama wiki 3 hadi 4, kwa hiyo usikate tamaa wiki ya kwanza ukiwaona bado wanaruka. Ukizidiwa, bakteria yule (Bti) anayewekwa kwenye madimbwi kuua viluwiluwi vya mbu, wa jamii inayozalishwa katika kiwanda cha viuadudu vya kibaiolojia cha Kibaha, huwaua na hawa pia, na hana madhara kwa mboga.

Sisimizi wanaingia na kutoka chini ya chungu, na mizizi ina unga mweupe

Wengi wanadhani ni ukungu au mbolea iliyoganda. Chukua kioo cha kukuzia au piga picha kwa simu uivute karibu: ukiona vidude vyenye umbo la yai, vimejipaka nta nyeupe, vinatembea polepole, hivyo ni vidung'ata vya mizizi. Hufyonza maji ya mmea. Sisimizi huvilinda na kuvihamisha kutoka chungu hadi chungu kwa ajili ya utamu vinavyotoa, hivyo ukiua vidung'ata ukaacha sisimizi, umefanya nusu ya kazi. Vinapenda udongo mkavu, ndiyo maana vinakutwa zaidi kwenye mishubiri, dungusi kakati na maua ya ndani yanayosahaulika kumwagiliwa.

Tenga mmea huo siku hiyo hiyo. Osha mizizi hadi isibaki punje ya udongo, itumbukize kwenye maji yenye sabuni kidogo ya maji, suuza, acha ikauke kivulini kabla ya kupanda. Chungu kisugue kwa maji ya moto, hasa ndani kwenye ukuta, ambako hubaki alama nyeupe zenye mayai. Rudia ukaguzi baada ya wiki tatu.

Mche umelala asubuhi, umekatwa usawa wa udongo

Huyo ni sota, kiwavi wa udongoni. Hali mizizi, lakini lawama zote za funza weupe humwangukia yeye na zake huwaangukia wao, kwa sababu naye hujikunja akiguswa. Yeye ni wa kijivu au mweusi wa grisi, na chakula chake ni shina, usiku. Fukua kwa kidole kuzunguka mche uliokatwa, sentimita 2 hadi 5, alfajiri kabla jua halijapanda. Utamkuta amelala pale pale. Kata chupa ya maji iwe pete, izungushie mche na kuididimiza sentimita 3. Ndoo moja huwa na sota mmoja au wawili tu, ukimtoa yameisha.

Kama mche haukukatwa ila umesukumwa juu na kuna vijinjia vilivyovimba kwenye udongo, shuku nyenje wa ardhini. Mimina maji ya sabuni na usubiri dakika chache, atatoka mwenyewe.

Kuna mirija ya udongo kwenye kuta za chombo au kwenye shina

Mchwa. Hupanda kutoka chini kupitia matundu ya kutolea maji, na mara nyingi hufuata vitu vikavu kwanza: maranda, nyasi za matandazo, ubao wa sanduku, kisha shina la mrosemari au mche wa parachichi uliodhoofika. Kuua wale walio ndani ya chungu hakusaidii sana, kwani malkia yuko chini ya ardhi mita nyingi kutoka hapo na ataleta wengine. Kata njia. Inua vyombo vyote juu ya mawe au tofali, acha nafasi ya kupitisha mkono chini, na vunja mrija wowote mpya kila wiki. Mmea unaopata maji ya kutosha hauwavutii hivyo. Nimeona hili kiangazi baada ya kiangazi.

Viazi vitamu vya kwenye viroba vina matundu

Ni fukusi wa viazi vitamu, ambaye hutaga kwenye kitako cha shina na kwenye viazi anavyovifikia kupitia nyufa za udongo. Panda vipandikizi vya ncha, si vya kitako. Ongeza udongo kila nyufa zinapotokea. Vuna kwa wakati. Mgomba wa kwenye pipa naye ana fukusi wake, anayetoboa kitako. Funza wa fukusi hana miguu, na hiyo ndiyo tofauti yake ya haraka na mtoto wa mbawakawa. Vitabu vya bustani vya Ulaya vinamtaja sana fukusi wa mizabibu, anayeng'ata kingo za majani usiku na ambaye watoto wake humaliza mizizi ya vyungu. Ushauri wa vitabu hivyo wa kutenda unafaa hata kwetu, ila usimtafute yeye kwanza. Hapa anza na mbawakawa.

Ncha za majani zimekauka na mizizi ni mizima

Hili naliweka kwa ajili ya watu wa Arusha na wote wanaoizunguka Meru. Isale la kwenye chungu likikauka ncha za majani, rangi ya kahawia yenye mpaka mkali, watu humwaga chungu wakitafuta funza. Maji ya sehemu nyingi za huko yana floraidi nyingi, ile ile inayochafua meno ya watoto, na jamii ya masale ni katika mimea inayoathirika nayo haraka. Kinga maji ya mvua yawe ya vyungu hivyo.

Kuhusu dawa

Mbegu za mwarobaini zilizotwangwa, gramu 50 kwa lita ya maji, zilale usiku mmoja, zichujwe, zimiminwe kwenye udongo: nimeona zinasaidia kwa vijinzi na kwa funza wachanga. Kwa funza mkubwa hazikufanya kitu. Utupa, mmea mwingine wa dawa, una nguvu zaidi, lakini ni sumu ya samaki. Aliye karibu na mfereji au bwawa asiumwage.

Kuna punje za zambarau ambazo bado watu wanashauriana kwa sauti ya chini kuzitia kwenye ndoo. Mara nyingi hizo ni karbofurani. Sumu hiyo hunyonywa na mizizi na kupanda hadi kwenye majani, ndiyo sifa yake. Na majani hayo ni sukuma wiki utakayowapikia watoto. Punje chache humuua ndege anayeokota. Mwaka 2017 iliingizwa kwenye orodha ya Mkataba wa Rotterdam, ya kemikali zinazohitaji nchi kuarifiwa na kuridhia kabla hazijaingizwa. Nakuomba usiiweke kwenye chombo chenye chakula, hata kidogo, hata mara moja. Ndoo ni ndogo, mikono yako inaweza kuifikia yote. Hakuna sababu ya kufika huko.

Ukilazimika kununua kiuatilifu chochote, soma lebo: kiwe kimesajiliwa nchini, kitaje mmea wako, kitaje udongo na si majani tu, na kitaje siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Muuzaji akishindwa kukuonyesha mambo hayo manne, ondoka.

Na kama umemkuta mdudu usiyemtambua, mpeleke kwa bwana au bibi shamba wa kata. Walio Arusha wana bahati ya kuwa karibu na makao makuu ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, pale Ngaramtoni, na watafiti wa mboga wa Tengeru. Mpeleke akiwa hai, kwenye chupa ya mdomo mpana yenye udongo wake mwenyewe na kifuniko kilichotobolewa, pamoja na mzizi alioula ukiwa umefungwa kwenye gazeti lililolowa. Funza aliyekauka mfukoni kwa siku tatu hatambuliki, na mzizi mkavu hauonyeshi tena kama ulikatwa au ulioza.